Kikohozi cha Usiku: Hesabu Pumzi, Usikate Kimeo

Leo tunazungumza juu ya jambo linalowakosesha usingizi wazazi wengi vijijini. Ni kikohozi cha mtoto mdogo kinachokuja usiku.

Mchana mtoto anacheza. Anakimbiza kuku, anakula ugali wake, anacheka. Jua likizama, akilala tu, kikohozi kinaanza. Anakohoa mpaka anatapika. Kukipambazuka ananyamaza. Mzazi anasema, "Afadhali, amepona." Usiku wa pili kinarudi. Mwezi ujao kinarudi tena.

Tuchukue mfano wa nyumba moja. Nyumba hii hatuitaji jina, lakini kila mmoja wetu anaijua. Mtoto ana miaka 3. Amekohoa usiku wa sita mfululizo. Bibi anaamka, anawasha tochi, anamtazama mjukuu wake kooni. Halafu anamwambia mkwe wake:

"Mwanangu, hiki ni kimeo. Kimerefuka, ndicho kinachomkereketa. Kesho tumwite mkata vimeo."

"Lakini mama, kliniki walitukataza."

"Wa kliniki wanalala kwao. Wao wanamsikia huyu akikohoa?"

Neno hili la bibi ni zito. Bibi hana nia mbaya. Anampenda mjukuu wake kuliko sisi tunaoandika. Tena katika jambo moja amesema kweli: wa kliniki hawausikii usiku wetu. Mtoto akifikishwa zahanati saa 4 asubuhi, amechangamka. Mganga anauliza, "Anaumwa nini?" Mama anajibu, "Anakohoa sana." Sana ni kiasi gani? Tangu lini? Saa ngapi? Mama hakumbuki, maana hajalala.

Basi, makala haya yanataka kujibu swali la bibi. Tutaeleza jinsi ya kuupeleka usiku zahanati. Vifaa vyake ni vinne tu: macho, saa, daftari na kalamu. Kusoma na kuhesabu tumejifunza kisomoni. Sasa elimu hiyo ifanye kazi ndani ya nyumba.

KWA NINI KIKOHOZI HUZIDI USIKU?

Kwanza tuelewe kikohozi ni nini. Kikohozi ni njia ya mwili kusafisha njia ya hewa. Kamasi, vumbi au moshi vikiingia, mwili unavisukuma nje. Kwa hiyo si kila kikohozi ni adui.

Usiku kikohozi huzidi kwa sababu kadhaa.

Mtoto mwenye mafua akilala, kamasi za puani hushuka kooni. Mchana hutoka nje puani, au huzimeza bila kujua. Usiku humkereketa, naye hukohoa.

Pili, hewa ya usiku ni ya baridi. Hewa baridi huchokoza koo na mapafu.

Tatu, usiku tunafunga mlango na dirisha. Moshi wa kuni, wa kibatari, wa sigara na wa dawa ya mbu ya kuchoma hubaki humo ndani pamoja na mtoto.

Nne, godoro, mablanketi na mikeka ya zamani huwa na vumbi na wadudu wadogo mno wasioonekana kwa macho. Wapo watoto ambao miili yao haipatani na vitu hivyo.

Tano, kuna ugonjwa wa pumu. Njia za hewa za mtu mwenye pumu hubana zaidi usiku na alfajiri. Tutarudi kwenye jambo hili.

KIMEO SI CHANZO

Sasa tuzungumze wazi juu ya kimeo. Kimeo ni kile kinyama kidogo kinachoning'inia nyuma ya koo. Kila mtu anacho. Chukua kioo, fungua mdomo, utakiona chako. Kina kazi yake: husaidia kuziba njia ya pua tunapomeza, chakula kisipandie puani.

Koo likiumwa, kimeo nacho huweza kuvimba. Ni kama macho yanavyokuwa mekundu mtu akiwa na mafua. Je, mtu mwenye mafua tunamng'oa macho? Hapana. Wekundu ni dalili tu. Na kimeo kilichovimba ni dalili tu.

Msomaji mmoja atauliza, "Mbona fulani alikatwa kimeo, na kikohozi kikaisha?" Swali ni zuri. Jibu lake ni hili: kikohozi kingi cha mafua huisha chenyewe ndani ya wiki mbili hivi. Mkata vimeo huitwa siku ya saba au ya kumi, wazazi wakishachoka. Siku chache baadaye kikohozi kinaisha, naye anapata sifa. Jogoo huwika, kisha jua huchomoza. Je, jogoo ndiye aliyelivuta jua?

Hasara za kukata kimeo ni kubwa. Mtoto anaweza kuvuja damu nyingi mpaka akafa. Kidonda kinaweza kuingiwa na vijidudu, navyo vikasambaa mwilini. Anaweza kupata pepopunda. Kisu kilichotumika kwa wengine kinaweza kumwambukiza virusi vya UKIMWI. Hasara nyingine ni ya muda. Kama mtoto ana nimonia, siku mbili za kumngoja mkata vimeo zinaweza kuwa siku zake za mwisho.

HESABU PUMZI

Nimonia wengine tunaiita kichomi au homa ya mapafu. Ni ugonjwa unaoua watoto wengi wadogo, lakini una dawa. Tena dalili yake kubwa mzazi anaweza kuiona mwenyewe bila kipimo cha hospitali: mtoto anapumua haraka.

Kuhesabu pumzi hufanywa hivi:

1. Ngoja mtoto atulie. Asiwe analia, asiwe ananyonya. Akiwa amelala ni vizuri zaidi.

2. Inua nguo yake, utazame kifua na tumbo. Washa taa au tochi ili uone vizuri.

3. Chukua saa. Hata simu ndogo ya tochi ina saa.

4. Kila tumbo likipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Hesabu kwa dakika moja nzima. Usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili, maana watoto hawapumui kwa mwendo mmoja.

5. Andika namba.

Sasa linganisha namba yako na hizi:

Mtoto chini ya miezi 2: pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni haraka.

Mtoto wa miezi 2 mpaka kabla hajafika mwaka 1: pumzi 50 au zaidi ni haraka.

Mtoto wa mwaka 1 mpaka kabla hajafika miaka 5: pumzi 40 au zaidi ni haraka.

Tunashauri ukurasa huu ukatwe na kubandikwa ukutani.

Mtoto anayekohoa na kupumua haraka apelekwe zahanati bila kuchelewa. Huko atachunguzwa. Akikutwa na nimonia atapewa dawa, mara nyingi vidonge vya amoksilini vinavyoyeyuka kwenye maji. Dawa hizo zimalizwe kama mganga alivyoagiza, hata kama mtoto ameanza kucheza. Kumbuka pia kwamba dawa hizo haziponyi mafua ya kawaida. Usimpe mtoto mabaki ya dawa ya ndugu yake.

DALILI ZA HATARI: USINGOJE ASUBUHI

Ziko dalili ambazo ukiziona, hata kama ni saa 8 za usiku, mtoto aondoke nyumbani kwenda kutibiwa:

- Sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani kila anapovuta pumzi.

- Anatoa sauti ya kukoroma anapovuta pumzi, naye ametulia, halii.

- Hawezi kunyonya wala kunywa.

- Anatapika kila kitu anachopewa.

- Amepata degedege.

- Amelegea sana, au haamki vizuri ukimwamsha.

- Midomo au ulimi umegeuka rangi ya buluu au kijivu.

- Mtoto ana umri wa chini ya miezi 2 naye anapumua haraka, ana homa, amekuwa wa baridi au hanyonyi vizuri.

Jambo jingine: kama mtoto alikuwa mzima, akawa anakula karanga au kuchezea maharage, mara akapaliwa na kuanza kukohoa, huenda punje imeingia kwenye njia ya hewa. Huyo naye apelekwe haraka, hata kama baadaye ametulia.

Baba, hapa tunasema na wewe. Kikohozi cha usiku si kazi ya mama peke yake. Namba ya simu ya mwenye pikipiki ijulikane kabla ya shida. Nauli kidogo iwekwe kando. Katika vijiji vyenye vikundi vya kuweka na kukopa, wanachama wanaweza kutenga mfuko wa wagonjwa. Usiku wa manane si wakati wa kuanza kutafuta mkopo.

KIKOHOZI KINACHORUDI

Turudi kwa mtoto wetu wa mfano. Bibi alitaka aitwe mkata vimeo. Mama aliomba kwanza wahesabu. Walishika simu, wakahesabu pamoja. Pumzi zilikuwa 30. Hazikufika 40. Kifua hakikubonyea. Mtoto alikunywa maji. Kwa hiyo usiku ule haukuwa wa kukimbia. Lakini kikohozi kilikuwa kinarudi kila mara, na jambo hilo nalo lina maana.

Kikohozi kikizidi siku 14, au kikiwa kinarudi mara kwa mara, kichunguzwe. Hapa tutaje magonjwa matatu.

Pumu. Mtoto hukohoa usiku au alfajiri, au baada ya kukimbia, au akiingia kwenye moshi na vumbi, au kila akipata mafua. Akitoa pumzi, husikika sauti kama filimbi. Mara nyingi katika ukoo yupo mwingine mwenye pumu. Pumu haiambukizi, wala si laana. Kwa mtoto mdogo si rahisi kuitambua kwa siku moja, kwa hiyo mganga huhitaji habari za siku nyingi. Dawa zake nzuri ni za kuvuta, zile za pampu. Watu husema, "Ukianza pampu umekwisha, huachi tena." Si kweli. Pampu hufikisha dawa palepale kwenye mapafu, kwa kiasi kidogo. Mtoto mdogo hawezi kuivuta vizuri moja kwa moja, kwa hiyo huwekewa chombo katikati. Pasipo na chombo cha dukani, mhudumu anaweza kukitengeneza kwa chupa ya plastiki ya maji ya nusu lita. Mwombe akuonyeshe.

Kifua kikuu. Mtoto hukohoa wiki mbili au zaidi, ana homa za mara kwa mara, hachezi kama zamani, na uzito wake hauongezeki au unapungua. Tazama kadi yake ya kliniki: je, mstari umelala au umeshuka? Mara nyingi mtoto huambukizwa na mtu mzima anayekaa naye. Kwa hiyo ukimpeleka mtoto, taja pia mkubwa yeyote wa nyumbani anayekohoa. Mtoto mdogo hawezi kutema makohozi vizuri, lakini wataalamu wana njia nyingine, kama picha ya kifua na kipimo cha choo. Hapa Tanzania dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo. Ugonjwa huu unapona, mradi dawa zisikatishwe.

Kifaduro. Mtoto hukohoa mfululizo bila nafasi ya kuvuta pumzi, uso unaiva, kisha anavuta hewa kwa sauti kubwa na mara nyingi kutapika. Usiku huzidi. Kwa kitoto kichanga ni hatari sana: huenda asikohoe sana, bali akaacha kupumua kwa muda. Kinga ya kifaduro ni chanjo. Hapa nchini hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Tangu mwaka 2013 watoto wetu hupata pia chanjo ya kuzuia aina kubwa ya vijidudu vya nimonia. Tazama kadi. Kama kuna nafasi iliyo wazi, nenda kaulize.

DAFTARI LA USIKU

Nyumba ile ya mfano walichukua daftari la mkubwa lililobakia kurasa. Kila usiku waliandika mambo manne: siku, saa, kikohozi kilikuwaje, na kilichotokea siku hiyo. Tazama mfano:

Jumatatu. Saa 9 usiku. Amekohoa sana, ametapika. Pumzi 34. Jioni tulipika ndani, mvua ilinyesha.

Jumanne. Hakuamka. Tulipika nje.

Jumatano. Saa 10 alfajiri. Amekohoa, sauti kama filimbi. Pumzi 36. Mchana alikimbia sana.

Alhamisi. Saa 9 usiku. Amekohoa kidogo. Pumzi 30. Kibatari kiliwaka usiku kucha.

Bibi hajui kuandika. Lakini ndiye mwenye usingizi mwepesi. Yeye alisikia na kutaja, mama akaandika. Kwa hiyo daftari lile lilikuwa na macho ya mama na masikio ya bibi.

Siku ya kumi walikwenda zahanati, mtoto amechangamka kama kawaida. Safari hii mama hakusema "anakohoa sana". Alifungua daftari. Mganga alisoma, akamsikiliza mtoto kifuani, akauliza, "Katika ukoo yupo mwenye pumu?" Bibi mwenyewe akajibu: "Baba yake alikuwa nayo utotoni." Mganga akawaandikia barua kwenda hospitali ya wilaya kwa uchunguzi zaidi. Huko usiku wa nyumba ile ulisomwa, neno kwa neno. Mtoto alianzishiwa dawa ya kuvuta. Kimeo chake kipo mpaka leo.

NYUMBANI TUFANYE NINI?

Kwa kikohozi cha mafua kisicho na dalili za hatari, tunashauri hivi:

Mpe vinywaji mara kwa mara. Mtoto chini ya miezi 6 anyonyeshwe zaidi, asipewe kitu kingine isipokuwa dawa aliyoandikiwa. Mkubwa apewe maji ya uvuguvugu, uji au supu, kidogo kidogo.

Asali yenye limau hutuliza koo kwa mtoto aliyetimiza mwaka 1. Chini ya mwaka 1 usimpe asali kabisa, kwani inaweza kuwa na vijidudu vinavyolegeza mwili wa mtoto mchanga.

Safisha pua kwa kitambaa laini chenye unyevu kabla ya kulala na kabla ya kunyonya.

Usinunue ovyo dawa ya maji ya kikohozi. Nyingi hazimsaidii mtoto mdogo, na nyingine humlevya. Mwaka 2022 huko Gambia watoto zaidi ya 60 walikufa, na vifo hivyo vilihusishwa na dawa za maji za kikohozi na mafua zilizokuwa na sumu. Usimpe mafuta ya taa pia. Yakiingia mapafuni yanaua.

Punguza moshi. Moshi wa jikoni karibu unazidisha mara mbili hatari ya mtoto kupata nimonia. Mtoto asilale chumba cha kupikia. Asibebwe mgongoni wakati kuni zinatoa moshi. Tumia kuni kavu. Toboa tundu au dirisha juu ya jiko. Tunajua kwamba sehemu za baridi kama Makete, Lushoto na Mbulu watu hulala karibu na moto. Huko moto uotwe jioni, uzimwe, moshi utoke, ndipo mtoto alale na blanketi la kutosha. Jiko la mkaa lisiingizwe chumba cha kulala kilichofungwa. Hewa yake huua bila harufu. Mvuta sigara avutie nje, mbali na mtoto.

Anika godoro na mablanketi juani mara kwa mara. Kuku na mbuzi wawe na banda lao.

MASWALI YA KUJADILI

Someni makala haya katika kikundi, halafu mjadiliane:

1. Katika kijiji chetu, mtoto akikohoa usiku huwa tunafanya nini kwanza?

2. Mtoto wa miezi 8 amehesabiwa pumzi 54. Je, ni haraka? Mtafanya nini?

3. Tutazungumzaje na wazee wetu juu ya kimeo bila kuwavunjia heshima?

4. Usiku wa manane, nani ana chombo cha kumfikisha mgonjwa zahanati? Andikeni namba yake.

Ndugu msomaji, usiku wa leo mtoto akikohoa, usianze na kisu. Washa tochi, inua nguo yake, hesabu dakika moja. Halafu andika.